Msitu Ukipiga Hodi: Vidokezo 12 vya Kuwafurahia Wanyama na Ndege Ukiwa Nyumbani Kwako

Saa kumi na mbili asubuhi, chai bado haijachemka, na juu ya bati inapita sauti kama ya mtu anayekung'uta mkeka: fuu, fuu, fuu. Ni hondohondo, dume na jike, wanatoka msituni kwenda kwenye mkuyu wa jirani. Mabawa yao yana kelele kuliko midomo ya watu sokoni! Hapa kwetu Amani, Usambara Mashariki, hao ndio saa yetu ya ukutani.

Watu hujichanga mwaka mzima ili wakaione Serengeti, na wanafanya vizuri. Lakini wewe unayeishi pembeni ya msitu, uwe Usambara au Uluguru, Arabuko-Sokoke, Kakamega au Jozani, umekwisha kuingia bila kiingilio. Kinachotukosesha uhondo ni haraka. Tunatoka mbio na ndoo, tunarudi mbio na mboga, na wageni wa msituni wanapita nyuma ya migongo yetu wakituona vizuri sana.

Basi hivi hapa vidokezo kumi na viwili. Vingi havina gharama yoyote, na vingine utaviweza ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Twende!

1. Kiti kimoja, saa ileile

Chagua kiti kimoja kibarazani na ukikalie kila siku kwa dakika kumi. Kumi tu! Alfajiri au magharibi ndiyo saa nzuri, maana ndege na wanyama wengi wako kazini. Siku ya kwanza kila kitu kitanyamaza, kwa sababu wanakuchunguza kabla hujawachunguza. Siku ya tatu au ya nne shore ataanza tena kuimba. Baada ya wiki mbili umekuwa kama nguzo ya nyumba, na kindi atapita mbele yako na shughuli zake. Vaa nguo ya rangi iliyotulia. Ile kanga nyekundu inayowaka iweke kwa ajili ya harusi. Ukiwashwa, jikune, ila polepole.

2. Fagia jioni, soma asubuhi

Tumezoea kufagia uwanja kabla jua halijachomoza. Kumbe tunalifuta gazeti kabla ya kulisoma! Geuza ratiba: pitisha mfagio jioni, udongo ulale laini, kisha asubuhi utoke taratibu uone nani alipita. Kwato mbili nyembamba zilizokaa sambamba ni za paa. Nyayo ndogo za mviringo, kama za paka, huenda ni za kanu. Zenye alama za kucha mbele pengine ni za nguchiro. Ukiokota mwiba mrefu wenye milia myeusi na myeupe, nungunungu amekuachia kadi.

Asubuhi moja hapa kwetu nyayo za kanu zilikuja moja kwa moja mpaka banda la kuku, zikalizunguka mara mbili, zikasimama mlangoni, halafu zikarudi msituni. Komeo lilikuwa imara. Sisi tulipata hadithi, kuku wakapata uhai. Kama uwanja wako ni wa saruji, tandaza mchanga uliochekechwa, au majivu ya jikoni, pale penye kichochoro cha kuingilia. Kurasa mbili tatu za udongo zinatosha.

3. Tega sikio kabla ya jicho

Msituni majani ni mengi, kwa hiyo masikio hufika kabla ya macho. Mfano mzuri ni ndege aitwaye dudumizi: sauti yake inashuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Wazee husema akilia hivyo, anua nguo, mvua iko njiani.

Halafu kuna perere. Shemeji yetu alipokuja kulala kwa mara ya kwanza, alitoka chumbani usiku wa manane akiamini kuna mtu anauawa. Sauti huanza kama mlango mkavu unaokwaruza, inapanda ngazi kwa ngazi, mpaka inakuwa ukelele. Tukamweleza: huyo ni mnyama wa mtini mwenye ukubwa wa sungura, na hutaamini, jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Usiku wa pili alijitolea kiti mwenyewe akaenda kumsikiliza. Jaribu leo: fumba macho, hesabu sauti tano tofauti kwa vidole vya mkono mmoja. Ukizifikisha, umeanza.

4. Beseni la maji hushinda mtego wowote

Unataka ndege waje karibu bila kuwaita? Weka maji. Chukua beseni pana lisilo na kina, maji yasizidi vidole vitatu, katikati uweke jiwe ambalo ndege atasimama na nyuki atatua bila kuzama. Liweke hatua tatu hivi kutoka kichakani: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha paka kushindwa kuvizia. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Viluwiluwi vya mbu huhitaji wiki moja hivi au zaidi kuwa mbu kamili, kwa hiyo ukiwawahi, umewashinda.

Kisha rudi kwenye kiti chako utazame shore anavyooga. Anachovya kifua, anasimama, anaangalia huku na kule kama mtu aliyesahau kufunga mlango wa bafu, ndipo anajitosa na mabawa yote. Mchana wa jua kali hakuna burudani kama hiyo.

5. Panda mgahawa, usigawe chakula

Mti unaozaa utakuletea wageni miaka na miaka bila wewe kubeba sahani. Mshubiri wenye maua na mgomba uliotoa ua humvuta chozi, yule ndege mdogo anayemetameta mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Kwa hiyo ua la mgomba likining'inia mbele ya dirisha, usiwe na haraka ya kulikata. Mkuyu nao ukiiva ni karamu ya kijiji kizima: hondohondo, njiwa, kima, na usiku popo.

Na mti mkongwe wenye tundu, kama hauitishii nyumba, uache usimame. Jike la hondohondo huingia kwenye tundu kama hilo na kujifungia humo kwa udongo anaoletewa na dume, linabaki pengo jembamba tu la kupitishia chakula. Dume huja na kurudi, kutwa, akimlisha mama na baadaye na watoto. Ukimwona anatua pale pale kila mara na koo limejaa matunda, shusha sauti yako, umefika nyumba ya wazazi wenye kazi.

6. Ndizi moja leo, jikoni kesho

Najua. Kima anakutazama kwa macho yale ya huruma, na mkono wako una ndizi. Usimpe! Kima aliyelishwa na mtu huacha woga, akiacha woga huingia jikoni, na akikutwa jikoni hung'ata. Tena maradhi hupita pande zote mbili, yake yakaja kwako na yako yakaenda kwake. Anayelipa mwisho wa yote ni kima mwenyewe, kwa sababu watu wakichoka huchukua mawe.

Dawa ni rahisi: pipa la taka liwe na mfuniko unaofunga kwa kamba au mpira, dirisha la jikoni liwe na wavu, na mapapai yachumwe yakianza tu kupata rangi. Mwachie matunda ya msituni, na wewe ufaidi kumtazama akiyatafuta. Akitafuta ndipo anapovutia.

7. Tochi shavuni, macho mtini

Usiku ndio zamu ya pili, na wengi hatujawahi kuiona. Shika tochi karibu na shavu lako, mwanga ufuate macho yako, kisha upitishe taratibu kwenye matawi. Macho ya wanyama wa usiku hurudisha mwanga. Ukiona makaa mawili yanayowaka, yakaruka ghafla mita kadhaa mpaka mti wa pili, hongera, umemwona komba. Ndiye yule anayelia kama mtoto mchanga, na wagema wa pwani wanamfahamu vizuri kwa kupenda tembo la mnazi. Ukimpata, funika tochi kwa karatasi laini nyekundu ili usimchome macho.

Mimi nampenda zaidi kinyonga. Mchana unaweza kumpita hatua moja usimwone, lakini usiku analala kwenye ncha ya kitawi na rangi yake inafifia, kwa hiyo ukimmulika anang'aa kama jani lililopauka. Sogea taratibu. Utaona mkia umeviringwa kama dawa ya mbu ya kuchoma, vidole vimekumbatia kitawi, macho yamefumbwa. Hana sumu, hana laana. Usambara ina vinyonga wasiopatikana popote pengine duniani, na mwaka 2006 wanasayansi walipolipa kundi moja la vinyonga wa Afrika Mashariki na Kati jina rasmi, waliliita *Kinyongia*, kutokana na neno letu la Kiswahili. Msalimie kwa macho, usimguse, mwache alale. Nawe uvae buti na ubaki uani, huna haja ya kuingia msituni gizani.

8. Mvua ya kwanza ni sikukuu, usiikose

Ukavu ukikatika na kumbikumbi wakatoka ardhini, acha vyombo vilivyo kwenye karai, toka nje! Dakika hizo thelathini ni tamasha. Mbayuwayu wanapita chini chini, shore wanaruka kama wametupwa, kuku wako wanasahau adabu zote. Jioni, chini ya taa ya nje, vyura wanajipanga na mijusi wanagombania ukuta. Ukishatazama vya kutosha, zima taa, kumbikumbi waliobaki waende wakaanze makazi yao.

Sikukuu nyingine ni msafara wa siafu. Hamisha vifaranga na mnyama yeyote aliyefungwa kamba, ingiza suruali ndani ya soksi, kaa mbali, kisha usitazame siafu wenyewe, tazama mbele yao. Wadudu wanakimbia kwa maelfu, na ndege wa msituni wenye haya wanatoka kuwadaka. Ndege ambaye hujamwona mwaka mzima huweza kutua mita tano kutoka kwako. Siafu wakipita ndani ya nyumba, wakiondoka wameondoka na mende wote. Kazi safi!

9. Ukishajua jina, uliza "anafanya nini?"

Jina ni salamu tu, mazungumzo yanaanza baadaye. Chagua mnyama mmoja umfuate kwa macho dakika tano. Chukua mbega, kwa mfano. Tazama mkono wake: hana kidole gumba cha maana, na bado anaruka kati ya miti kama ana mabawa. Anakula majani, anakaa muda mrefu ametulia, maana tumbo lake lina vyumba na linahitaji muda kusaga. Ukiona kitu cheupe pe kifuani pa mama mweusi, ni mtoto mchanga. Mbega huzaliwa weupe.

Ukiuliza hivyo utagundua makubwa. Unguja, karibu na Jozani, wanakijiji waliona kima punju wakichukua mkaa kwenye majiko na matanuri, wanautafuna. Wanasayansi walipofuatilia walieleza kwamba mkaa unasaidia kunyonya kemikali zinazosumbua tumbo, zilizomo kwenye majani ya miembe na mikungu ambayo kima hao hula mashambani. Majirani waliomtazama punju ndio walioanza kuijua habari hiyo. Labda uani kwako kuna swali kama hilo, linakungoja wewe.

10. Fanya nyumba iwe jirani mwema

Mambo manne madogo, jioni moja tu ya kazi.

Vioo: madirisha mapya ya aluminiamu yanaakisi miti, ndege anadhani ni msitu unaendelea, anajigonga. Chora mistari ya sabuni kavu upande wa nje, nafasi ya vidole vitatu kati ya mstari na mstari. Utaona nje, naye ataona kioo.

Matawi: kabla ya kukata tawi, tazama kama ndilo daraja la mbega kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Kule Diani, pwani ya Kenya, barabara ilipotenganisha miti, shirika la Colobus Conservation lilitundika madaraja ya kamba juu yake ili mbega wavuke bila kukanyaga lami. Wewe huhitaji kamba, acha tawi tu.

Paka na mbwa: paka alale ndani alfajiri na magharibi, mbwa achanjwe dhidi ya kichaa.

Kinda: likianguka na halijaota manyoya, lirudishe kiotani. Wazazi hawatalikataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Lenye manyoya linajifunza kuruka, liache, wazazi wako karibu.

11. Wape nafasi wenye sifa mbaya

Bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuwahesabu wagonjwa wa ukoo. Lakini tazama alikokaa: juu ya ghala, karibu na mahindi, penye panya. Amekuja kula, na chakula chake ni wezi wako. Usiku akilia tena, badala ya jiwe chukua kiti. Ukimwona anavyogeuza shingo na kupaa bila sauti hata ya unyoya, utasubiri aje tena.

Nyoka naye anahitaji utulivu wako kuliko fimbo yako. Simama, rudi nyuma hatua chache, mwonyeshe njia ya kuondokea kwa kumwachia nafasi. Fyeka majani karibu na mlango, usirundike kuni ukutani, na usiku usitembee bila tochi. Akiingia ndani, funga mlango wa chumba hicho, weka nguo chini ya mlango, ita watu wa wanyamapori au mtaalamu. Furaha ya kutazama hukaa mahali penye umbali salama, na hii ni kwa wanyama wote: mnyama wa porini anayekusogelea bila woga au anayeyumba, usimguse.

12. Daftari la uani, na simu yako

Nunua daftari la shule, litundike karibu na kile kiti. Mstari mmoja kwa siku unatosha: tarehe, saa, nani, wangapi, wapi. "Mbega 5, mfenesini, mmoja ana mtoto mweupe." Usijali kama hujui jina, andika "ndege mwenye koo la njano". Baada ya mwaka utajua mkuyu unaiva lini na hondohondo wanakuja mwezi gani, na jirani atakuja kukuuliza wewe.

Simu nayo isaidie. Ukipiga picha, programu ya iNaturalist hukupendekezea jina, na watu wanaojua, wa hapa na wa mbali, hukuhakikishia. Ukipanga kununua darubini, tafuta iliyoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hiyo inatosha kabisa, hata kwenye kivuli cha miti. Jambo moja muhimu: usitangaze mitandaoni mahali penyewe palipo na kiota au mnyama adimu. Wapo wanaotafuta kukamata na kuuza, na Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inayowakataza. Picha yako iwe ya furaha, isiwe ramani.

Haya, uanze na kipi?

Usijitwishe vyote kumi na viwili. Anza na mfagio. Leo jioni, kabla ya giza, fagia uwanja taratibu mpaka udongo uwe laini kama unga. Kesho amka kabla ya wengine, mwamshe na mtoto mmoja wa nyumbani, mtoke peku mpaka ukingoni tu, mchuchumae. Mwache yeye aone kwanza.

Asubuhi moja mpwa wangu wa miaka sita alichuchumaa hivyo kwa muda mrefu bila kusema neno. Kulikuwa na kwato ndogo mbili zimepita kutoka mgombani, zikasimama kwenye beseni la maji, zikaondoka. Akainua uso akaninong'oneza, kana kwamba paa bado yupo: "Shangazi, alikuwa na kiu." Tangu siku hiyo, kujaza lile beseni ni kazi yake, na hatumkumbushi.